Kutoka programu hadi vinu

Swali: Bill Gates tulimjua kwa programu za kompyuta. Imekuwaje leo atajwe katika nishati safi?

Jibu: Gates, aliyeanzisha Microsoft na Paul Allen mwaka 1975, alishiriki baadaye kuanzisha TerraPower, kampuni ya vinu vya nyuklia, na mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi mjini Paris, akawakusanya matajiri wenzake wawekeze katika teknolojia changa za nishati. Fedha hizo hudai subira, kwani programu yenye kasoro husahihishwa kesho yake, kinu hakisahihishwi hivyo. Kinu cha TerraPower huko Kemmerer, katika jimbo la Wyoming, Marekani, ambako ujenzi ulianza mwaka 2024, kitapozwa kwa sodiamu (aina ya metali) iliyoyeyuka badala ya maji, na joto litahifadhiwa katika chumvi iliyoyeyushwa, ili umeme wa megawati 345 upandishwe hadi 500 mahitaji yanapoongezeka.