Goti kutouma si kupona: nilirudi uwanjani mwezi wa tano baada ya upasuaji, nikakatika upya

Vua hizo njumu. Umeuliza: upasuaji wa ACL, ile kano ya ndani ya goti, miezi minne iliyopita, goti haliumi, timu ya mtaa ina fainali Jumapili, eti ukivaa soksi ya goti unaweza kucheza dakika 30? Hata 3 huchezi.

Hapo ulipo nilishapita. Mwezi wa tano, goti kimya, ngazi napanda, kliniki nimeacha tangu mwezi wa pili kwa sababu nilijiona mjanja: nilipe nauli niende kukunja na kunyoosha mguu kitandani, kwani nyumbani sina kitanda? Kocha wetu, ambaye udaktari wake wote ni kupuliza spirei na kumwaga maji ya baridi, akanibonyeza goti kwa kidole gumba. "Linauma?" Nikasema hapana. "Basi umepona, uliobaki ni woga." Mchua misuli akanipaka dawa yake inayonukia hadi barabarani, akakaza bandeji. Wawili hao hawakuja kuniona hospitali hata na chungwa moja.

Dakika ya 17. Hakuna aliyenigusa, naomba hilo ulisome vizuri. Winga wao akakata ndani, nikapiga breki kwa mguu wa kushoto nigeuke naye. Mguu ukabaki ulipo, mwili ukageuka. Ukasikika mlio kama kijiti kikavu cha mhogo kimevunjwa. Maumivu yenyewe hayakufika dakika tano, nikasimama, nikawaambia waniache niendelee! Hatua ya pili goti likaachia, nikakaa chini kama gunia la mkaa. Jioni lilikuwa papai.

Zawadi ya fainali ilikuwa mbuzi. Tulifungwa 3-0, mbuzi akaenda mtaa wa pili. Mimi nikauza bodaboda yangu kulipia upasuaji wa pili, na safari hii kano ya kupandikiza ikabidi ikatwe mguu wa kulia, mzima, maana wa kushoto ulishachangia mara ya kwanza. Yaani nilijipa miguu miwili mibovu kwa mbuzi ambaye hata supu yake sikuionja.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata baadaye, dada mkali kuliko matroni wa bweni, ndiye aliyenieleza ambacho kocha hakijui. Kile kipande cha kano walichokuwekea hakianzi kazi siku ya upasuaji. Mwili hukidhoofisha kwanza, ndipo ukijengee mishipa ya damu na nyuzi mpya, na hiyo ni kazi ya miezi mingi. Maumivu yanaisha mapema sana, kano bado iko jikoni. Akachukua futi ya fundi cherehani, akanizungushia mapaja: la kushoto lilikuwa limepungua sm 3. "Hilo ndilo breki yako," akasema, "na breki huna."

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji wa pili akanipima kuruka kwa mguu mmoja kwenye korido. Mguu mzima sm 158, mbovu sm 131, asilimia 83. Akanirudisha kwenye mazoezi ya paja, sikubishana. Alitaka angalau 90. Nilizipata mwezi wa kumi na moja.

Na usiniletee habari za wachezaji wa Ulaya. Van Dijk, beki wa Uholanzi, alikatika ACL Oktoba 2020, alikuwa na madaktari wa Liverpool nzima nyuma yake, akaiacha Euro ipite, akarudi Julai 2021 kwenye mechi za kirafiki. Miezi tisa. Kuna utafiti wa Oslo (Norway) na Delaware (Marekani) uliotoka 2016: kila mwezi uliosubiri, mpaka huo wa tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Wewe una soksi ya goti ya kununua kando ya barabara.

Soksi haishiki kano, ndugu yangu. Inashika joto.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: tarehe ya kurudi haitolewi na maumivu, haitolewi na kocha, inatolewa na vipimo vya mguu mbovu dhidi ya mguu mzima, na kabla ya miezi tisa hata usiviulize. Kuruka usijipime mwenyewe nyumbani, huko bado hujafika. Leo azima futi kwa fundi, pima mapaja yote mawili, kiganja kimoja juu ya goti, misuli ikiwa imelegea. Leta namba hapa kabla ya Jumapili.