Anahesabu hadi ishirini, tatu haijui

Maswali ya wasomaji: malezi na elimu ya awali

*Habari za kazi, wahariri. Mwanangu ana miaka minne na nusu. Anahesabu moja mpaka ishirini bila kukwama, majirani wanamshangilia. Lakini nikimwambia aniletee vitunguu vitatu, analeta anavyoweza kubeba. Je, ana tatizo? – Baba, Kibaigwa*

Hana tatizo, baba. Ana wimbo. "Moja, mbili, tatu" kwake ni sawa na ukuti ukuti: maneno yanafuatana kwa mazoea, hayajashika kitu chochote. Kila mtoto hupita hapo. Ubaya ni pale watu wazima wanapopiga makofi, wakamsukuma mpaka hamsini, na kudhani kazi imekwisha.

Baada ya wimbo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni neno moja kwa kitu kimoja. Chukua trei ya mayai ya karatasi, ile ya mashimo 30, ukate safu moja yenye mashimo matano. Mpe vizibo vitano vya soda. Aweke kimoja kimoja, na atamke namba wakati kizibo kinaingia shimoni, siyo kabla. Vizibo vikitawanyika mkekani, mdomo hukimbia kuliko kidole: huku anaruka kimoja, kule anakihesabu kingine mara mbili, na anafika saba penye vitano. Shimo linamlazimisha kwenda polepole, na likibaki tupu analiona mwenyewe.

Ya pili ni ngumu zaidi: kujua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla ya vyote. Akimaliza, muulize, "Vyote ni vingapi?" Akianza tena "moja, mbili…", bado hajafika. Usimkaripie wala usirudie swali mpaka akabahatisha. Hesabu wewe, kisha funika vizibo vyote kwa kiganja na useme: "Tano. Vizibo vitano." Yataje maneno yote mawili, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego wake hapa. Kwenye wimbo amezoea "tano"; akija kwenye vitu anasikia vizibo vitano, mayai matano, watoto watano, halafu ghafla sita na saba hazibadiliki kabisa. Mtu mzima haoni ajabu. Mtoto anaweza kudhani ni namba tofauti.

Ndipo umtume. Anza na viwili, kisha vitatu, kwa vitu vinavyobadilika: leo vijiko, kesho nyanya, keshokutwa mawe. Usipande hadi vinne mpaka amepatia vitatu siku kadhaa mfululizo. Akifika vitano kwa uhakika, kata safu mbili za trei afanye kumi. Kugawa sahani, moja kwa kila mtu, ni zoezi zuri kuliko karatasi nyingi za kazi tunazoziona.

Kwa kuwa huko kwenu mahindi hayakosekani: punje za chakula sawa, ila mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa, yale yenye rangi nyekundu au ya kijani, hayachezewi. Mbegu za nyonyo nazo ni sumu. Na kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu hapo nyumbani, tumieni magunzi. Kizibo na punje humkaba. Punje au harage likiingia puani huvimba kwa unyevu, kwa hiyo usilichokonoe, nendeni zahanati.

*Tunaishi chumba kimoja cha kupanga, watu watano. Chekechea wanataka niandae kona ya kusomea yenye meza na chati za ukutani. Hela hiyo sina. – Mama, Nkuhungu*

Meza achana nayo, mama. Mtoto wa umri huo anajifunza vizuri akiwa amechuchumaa. Anachohitaji ni mahali pasipohamahama: mkeka ule ule, karibu na mlango penye mwanga, saa ile ile kila siku, dakika 10 hadi 15, na muache angali anataka kuendelea.

Tafuta katoni isiyozidi urefu wa magoti yake ili atoe na kurudisha vitu mwenyewe. Ndani viwe vinne au vitano tu. Vingine vifunge juu ya kabati, ubadilishe kila Jumapili. Katoni ikijaa anamwaga vyote na hachezi na hata kimoja. Vitabu viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maana vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halibishi hodi.

Chati moja inatosha: jina lake, umeliandika nyuma ya kalenda ya zamani. Herufi ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo, kwa sababu ndivyo atakavyoyakuta maneno vitabuni. Bandika kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Chati nyingi hubandikwa kwenye macho ya baba.

*Wa kwangu ana miaka minne. Kila siku anarudi na kurasa mbili za kunakili a e i o u. Anavunja penseli, analia, anabadilisha mkono. – Mama, Kizota*

Mkono wake haujakomaa, na kurasa mbili ni nyingi hata kwa aliyekomaa. Watoto wengi hunakili duara wakiwa na miaka mitatu, alama ya kujumlisha wakiwa na minne, mraba wakikaribia mitano. Mchoree alama ya kujumlisha. Akishindwa, zungumza na mwalimu apunguze iwe mstari mmoja.

Nyumbani weka penseli pembeni kwa wiki chache. Akande udongo wa kichuguu uliochekechwa, au unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji robo tatu ya kikombe, maji yaongezwe kidogo kidogo unga ukiwa bado mkavu. Ukinata vidoleni, maji yamezidi. Amenye karanga, abane nguo kambani. Kisha mwagia mchanga mkavu kwenye sinia, kina cha sentimita moja, aandike kwa kidole. Akirudi kwenye kuandika, mpe kipande cha krayoni cha sentimita tatu: kiganja hakipati pa kukamata, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Kubadilisha mkono kwa umri huo si ugonjwa, na wa kushoto asilazimishwe.

*Mjukuu wangu namlea mimi, na tunaongea Kigogo. Mama yake kwenye simu anasema nampoteza, mwakani anaanza awali. – Bibi, Mpwapwa*

Shikamoo bibi. Endelea na Kigogo, na hadithi, na vitendawili. Mtoto anayeweza kusimulia kilichotangulia na kilichofuata kwa lugha moja, akifika kwenye Kiswahili anatafuta maneno tu. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja hajachanganyikiwa. Ameazima neno la karibu.

Mama yake ana haki kwa jambo moja: darasani watasema Kiswahili. Basi simu yake iwe ya Kiswahili, aongee na mtoto, siyo na wewe pekee. Nawe mfundishe vichache kabla ya Januari: jina lake kamili, "sijaelewa", "naumwa tumbo" na "naomba kwenda chooni". Anza na la choo.