Kutembea pwani ya Unguja: fuata mwezi, usifuate saa

Asalaam aleikum wadau. Ndugu mleta uzi, umeuliza hivi: bi mkubwa wako, yaani mama yako, ametoka Ngazija kule Komoro kuja kukaa nawe hapa Unguja, daktari amemtaka atembee kila siku, na yeye amezoea kupunga upepo pwani penye mawe meusi ya volkano, mlima Karthala ukiwa mgongoni. Unataka kujua atembee wapi ufukweni bila kujichosha, na kama kuna hifadhi za karibu ambazo mtu mzima anaweza kuzitembelea polepole. Waliotangulia kukujibu wamekutajia majina ya fukwe. Majina ni sawa, lakini hayatoshi, kwa sababu kwetu kila pwani ni pwani mbili: ya maji kujaa na ya maji kupwa. Mimi natembea na baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye magoti ya kuuma, na nilichokiandika hapa chini ndicho tunachokifuata.

Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Upande wa mashariki, ambako ufuko ni bapa mpaka mwambani, hilo ni jambo kubwa. Asubuhi unaona mchanga na vidimbwi mbele yako mpaka kule mawimbi yanakovunjika, na alasiri ya siku hiyo hiyo maji yanapiga kuta za hoteli na huna pa kuweka mguu. Mtu aliyefika alasiri atakwambia Jambiani hapatembeleki, na aliyefika asubuhi atakwambia hajaona pahala pazuri zaidi. Wote wawili wanasema kweli.

Bi mkubwa bila shaka anajua leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama, basi hiyo ndiyo ratiba yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndizo siku za bamvua, na siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, yakajaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku chache kabla ya bamvua, yaani mwezi 11 hadi 13, na tena mwezi 26 hadi 28, maji yanatoka mapema, baina ya saa 1 na saa 3 asubuhi, jua halijakuwa kali. Hizo ndizo siku za kumpeleka mashariki. Mwezi 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana, na kupwa kwake kunaangukia alasiri, kwa hiyo matembezi ya jioni yanawezekana. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana muandamo wenyewe hutofautiana siku moja. Kabla ya kutoka nyumbani tazama jadweli la maji, siku hizi lipo kwenye simu. Na mukiwa mumetoka mbali kuelekea mwambani, maji yakianza kuingia geukeni hapo hapo. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, baina yenu na ufuko, na mtu asiyeyajua hajui amezungukwa mpaka yamefika magotini.

Jambo la pili ni mawe, na hapa mama yako atahisi tofauti kwenye nyayo kabla ya macho. Nilikwenda Ngazija kwa harusi ya jamaa zetu na nikapata wasaa wa kutembea upande wa Mitsamiouli. Mawe ya kule ni moto uliotoka mlimani, ukashuka mpaka baharini, ukaganda. Mengine ni ya zamani sana na mengine watu waliyaona yakishuka. Mwaka 1977 moto wa Karthala ulikiharibu kijiji cha Singani. Jiwe lile ni zito, jeusi, linabaki na joto la jua mpaka magharibi. Unguja haina volkano kabisa. Mawe yetu ya pwani ni matumbawe, yaani miamba ya bahari iliyokuwa hai zamani wakati bahari ilikuwa juu kuliko sasa, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Bahari iliposhuka, miamba ikabaki nchi kavu. Ndiyo maana mashariki na kusini tunapaita maweni: udongo kidogo, mawe mengi, mapango chini yake. Kuna jambo moja visiwa hivi viwili vinafanana, na mama atalitambua mara moja. Mvua ikinyesha Ngazija inapotelea ndani ya mawe, mito ya kudumu hakuna, na huku kwetu maweni ni hivyo hivyo.

Mwambie asimame karibu na jabali lolote lililo wazi, pale Makunduchi au Mtende, alitazame kwa makini. Ataona maumbo ya nyota, vijishimo vidogo vilivyopangana, kombe limekwama nusu ndani nusu nje. Hayo ni matumbawe yenyewe, kila kitundu kilikuwa nyumba ya mdudu. Na chini ya jabali, pale maji yanapofika kila siku, bahari imelila kwa ndani mpaka mawe mengine yamesimama kama uyoga, kichwa kipana na shingo nyembamba. Kivuli cha huko chini ni kizuri, lakini msikae hapo maji yakiwa yanakuja. Na jiwe hili ni kali. La Ngazija unaweza kulikanyaga kwa malapa, hili litayakata malapa na kidole pamoja. Mnunulie viatu vya plastiki vya kufunga, vyenye soli nene, visivyoogopa maji. Vitamkinga pia na wale wadudu weusi wa bahari wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye vidimbwi.

Sasa Jambiani. Panda gari za abiria namba 309, au ukiwa na usafiri wako ndiyo bora kwa mtu mzima, mfike mnamo saa 1 asubuhi. Shukeni ufukweni katikati ya kijiji, mtembee kuelekea kusini huku jua likiwa upande wa kushoto. Mchanga wa karibu na minazi ni laini na unachosha, kwa hiyo teremkeni kidogo mpaka pale ulipo mgumu na bado una unyevu, magoti yatakushukuruni. Mbele yenu mtaona mashamba ya mwani, vijiti vimechomekwa kwa safu na kamba zimefungwa baina yake, na kina mama wameinama majini hadi magotini. Kilimo hiki kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mpaka leo ndicho kinachosomesha watoto wa vijiji hivi. Joto la maji limeongezeka, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi inakufa kwenye maji haya ya kina kifupi, ndiyo maana siku hizi wengine wanajaribu kulima maji ya mbele zaidi.

Nalisema hili kwa sababu nawaona wageni, na sisi wa mjini pia, tunavyokatiza mashamba hayo kama uwanja wa mpira. Lile ni konde la mtu. Zunguka kamba, usizivuke. Mkifika karibu na wanaofanya kazi, toeni salamu kwanza, na mtaona watu wanavyofurahi. Baba yangu akisema "Shikamooni kina bibi" basi matembezi yanasimama, ataulizwa ametoka wapi, ukoo gani, na mwisho kuna mtu anamjua mtu. Mama yako akisema ametoka Ngazija msishangae akiulizwa habari za jamaa, maana Wangazija wamekaa na kuoana Unguja tangu enzi na enzi. Pia mtawakuta wanaochokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba wakiwa na kijiti mkononi. Kaeni mbali kidogo wakati anatafuta, kivuli chenu kinamshtua pweza.

Msimu nao una kauli. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili mpaka mnamo Septemba, upepo upande wa mashariki ni mkali na majani ya bahari hurundikana ufukweni, yananuka kidogo na yanateleza. Mimi wakati huo nampeleka baba upande wa magharibi. Wakati wa kaskazi bahari ya mashariki inatulia lakini joto linapanda, basi mnamo saa 3 asubuhi muwe mmeshakaa kivulini.

Kwa matembezi ya kila siku hamna haja ya kwenda mbali. Baada ya sala ya alfajiri Forodhani pametulia na pamefagiliwa, sakafu ni sawa, kuna viti kila hatua chache. Mnapita kando ya ukuta wa bahari mpaka Shangani mkarudi. Jioni paacheni, ni watu na moshi wa mishikaki. Akipenda miti zaidi, bustani ya Jamhuri kule Vuga ina kivuli. Na siku moja moja mpelekeni Maruhubi kwa gari za Bububu, namba 502. Pale kuna magofu ya jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1882, likaungua mwaka 1899, na nguzo zake nzito bado zimesimama. Ufuko wake ni wa mikoko na vyombo vilivyopandishwa kutengenezwa, na hatua si nyingi.

Kuhusu hifadhi, kwangu mimi jibu ni Jozani, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaikimbilia kwa ajili ya kima tu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na mwaka 2016 UNESCO iliitia kwenye orodha ya hifadhi zake za binadamu na viumbe hai. Iko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, barabara nzuri mpaka mlangoni. Kima punju hawapatikani pahala pengine popote duniani isipokuwa Unguja na wachache waliopelekwa Pemba zamani, na mtawaona bila tabu, wamekaa juu ya miti karibu na njia, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani. Msiwaguse wala msiwape chakula. Hawa hula majani, na hula makaa pia, yanawasaidia na sumu iliyomo kwenye baadhi ya majani. Wakulima wa vijiji vya jirani wana malalamiko yao nao, na ni malalamiko ya haki, kwa sababu mche wa mtu hauna uzio.

Lakini kinachomfaa mama ni njia mbili. Ya kwanza ni ya ndani ya msitu wa maji, chini ya mitondoo mikubwa na michikichi. Ardhi yake ni bapa kabisa na kivuli ni kizito, hata saa 6 mchana unahisi ubaridi. Chunga tu msimu wa masika, maji ya chini ya ardhi yanapanda na njia inafurika. Ya pili ni ile ya mbao juu ya mikoko, upande wa kijiji cha Pete. Nendeni maji yakiwa yametoka kwanza. Mtaona mizizi ya mkoko iliyojipinda na kusimama nje ya tope, na ya mchu iliyochomoza juu kwa vijiti vidogo visivyo na idadi ili mti upate pumzi, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakipungiana. Rudini siku nyingine maji yakiwa yamejaa, na mtaona samaki wadogo wakipita baina ya mizizi ile ile mliyoiona kavu. Baba hushika ukingo wa mbao na huchukua muda wake. Muongozaji mwambieni mapema kwamba mna mtu mzima, asiende mbio.

Ikiwa ana hamu ya majabali kwa sababu ya kwao, basi Mtende, kusini, ndiyo pwani yetu inayokaribia hisia ile: kuta za mawe, ghuba ndogo, mchanga katikati. Kushuka kuna ngazi, mpimeni kwanza. Mkiwa huko Kizimkazi Dimbani iko karibu, na msikiti wake wa zamani una maandishi ya mwaka 1107. Nungwi hadi Kendwa kwa miguu ni kuzuri pia maji yakiwa yametoka, ila pana wafanyabiashara wengi na mama hatapata utulivu.

Na mkipata likizo, vukeni Pemba. Pemba bado hawajui zogo. Kule Ngezi msitu wa miti mirefu unashuka karibu na bahari, miongoni mwake mivule na mpapindi, mti wa jamii ya mtende unaoota porini Pemba peke yake. Ukitoka upande wa pili unakutana na ufuko wa Vumawimbi, mweupe, mrefu, mara nyingi hamna mtu isipokuwa wavuvi. Barabara ya Konde inakupitisheni ndani ya msitu wenyewe. Simamisheni gari kituo cha hifadhi, lipeni kiingilio, ombeni mtu wa kuwatembeza njia fupi ya msituni, kisha ndiyo muendelee Vumawimbi. Chukueni maji ya kunywa na chakula kutoka Konde, mbele hakuna duka, na mwezi uwe 12 au 13 ili mfike maji yakiwa nje.