Kabla hujashika rola ya wino

Wengi wanaokuja kutusaidia kuhifadhi historia ya watu weusi walio wapenzi wa jinsia moja, na ya waliobadili jinsia, huwa wameona mabango yetu kwanza. Siku ya kwanza wanauliza lino ziko wapi, yaani vibao laini tunavyovichonga ili kuchapia mabango. Zipo, mtazichonga. Lakini mtaanzia kwenye maboksi, kwa sababu boksi lenye siri ya mtu laweza kufungwa miaka 30, ila bango likishatoka limetoka. Hutalifuata nyumba kwa nyumba kulirudisha.

Boksi lenyewe mara nyingi ni la viatu, au ni mfuko wa plastiki uliokaa chini ya kitanda cha marehemu. Msikimbilie kupanga. Barua ya mpenzi ikikutwa imefichwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, mahali ilipokutwa ni habari tayari, kwa hiyo piga picha kabla hujagusa kitu. Andika kwa penseli tu. Toa pini za stepla na mipira ya kufungia, maana kutu na mpira uliooza vinakula karatasi. Vipande vya magazeti hugeuka njano na kuchafua vilivyo jirani. Vitenganisheni kwa karatasi isiyo na asidi. Selotepu marufuku, na habari za kulamineti sitaki hata kuzisikia. Kanda za kaseti zitangulie kwenye foleni ya kunakiliwa, karatasi ina subira kuliko kanda. Na kila picha igeuzwe: nyuma ndiko kuna majina, mhuri wa studio, pengine utani wa watu wawili ambao hakuna mwingine aliyeujua.

Mtakutana na programu nyingi za mazishi za miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa ukifagia watu. Hizo zisomeni kwa tahadhari. Mshairi Donald Woods alipofariki New York mwaka 1992, tanzia ilitaja moyo kuwa sababu, na ibada ikaenda kana kwamba maisha yake ya mapenzi hayakuwapo. Rafiki yake Assotto Saint, mshairi mzaliwa wa Haiti, akasimama palepale mazishini akasema wazi kwamba Woods alikuwa shoga na ameuawa na UKIMWI. Mtunza nyaraka mwenye tanzia peke yake angemzika Woods mara ya pili. Ndiyo maana kwenye faili la kila marehemu tunatafuta sauti mbili, ya nduguze na ya rafiki zake.

Msidhani basi familia ni maadui. Joseph Beam alifariki Philadelphia mwaka 1988 akiacha kitabu cha maandishi ya mashoga weusi hakijakamilika. Mama yake, Dorothy, alishirikiana na mshairi Essex Hemphill mpaka kikatoka mwaka 1991. Leo mkusanyo wa nyaraka za aina hii katika Kituo cha Schomburg, kituo cha utafiti wa historia ya watu weusi huko Harlem, New York, unaitwa kwa jina la kitabu cha kwanza cha Beam. Nao ulianza kwa juhudi za mtu mmoja, Steven Fullwood, kabla ya kuingia Schomburg mwaka 2004.

Wala msisubiri washairi. Mabel Hampton, aliyezaliwa 1902, alicheza dansi Harlem ujanani, kisha akafanya usafi kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi. Simulizi zake zilirekodiwa kwenye kanda, na vitabu vyake akawakabidhi wanawake wa Lesbian Herstory Archives, makavazi ya historia ya wanawake wapendao wanawake yaliyoanzia kwenye fleti ya watu huko Manhattan mwaka 1974. Bila kanda hizo, tungemjua kama mfanyakazi wa ndani tu, kama tungemjua kabisa.

Tuje kwenye ruhusa. Mwulize mwenye vitu maswali matatu, kila moja peke yake: tuhifadhi? watu wasome? tuchape? Mtu anaweza kukubali mawili ya kwanza akakataa la tatu, na hadaiwi sababu. Halafu wako waliosimama nyuma kwenye picha, ambao hakuna aliyewauliza. Nyie mliotoka kwetu Afrika Mashariki hili halihitaji mahubiri. Aliyekuwa akicheza muziki Brooklyn mwaka 1995 huenda leo anaishi Kampala, chini ya sheria ile ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga.

Kwa hiyo kwenye lino mara nyingi tunaacha nyuso. Tunachonga viatu vya mchezaji, mwandiko wa mwaliko, mkono ulioshika glasi. Hati ya asili haitoki chumbani. Mnafanya kazi na nakala ya skana. Maneno yachorwe kinyumenyume, la sivyo yatasomeka kwa kioo. Lino ikiwa ngumu ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, na mkono usiokata ukae nyuma ya kisu siku zote. Wino usikilize: rola ikinong'ona kama karatasi inayochanika taratibu, umetosha, ikilia chapchap, umezidi. Hakuna haja ya mashine. Mgongo wa kijiko cha mbao unatosha, ukisugua kuanzia katikati kwenda pembeni.

Robert Blackburn, aliyeanzisha karakana yake ya uchapaji New York mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwaweka mabingwa na wanaojifunza chini ya paa moja. Nasi tunafuata hivyo, ila kwetu bingwa ni mzee mwenye picha. Aketi mezani wakati mnachonga, maana hapo ndipo atasema bar ile ilikuwa orofa ya pili na mlangoni alikuwa nani. Mmoja wenu awe na daftari, asishike wino kabisa.

Mzee akija, mlipeni nauli bila kungoja aombe, na chapa ya kwanza iliyotoka safi iwe yake. Ya pili inaingia boksini, pamoja na karatasi inayosema nani alichonga, kutoka picha ipi, na nani aliruhusu.