Majambiere ya ketcha: ile ya futiboli haitoshe

Mudogo, unauliza kama ketcha wa softboli (ule mwenye anadaka mupira nyuma ya mwenye kupiga na fimbo) anaweza kuvaa tu majambiere (kinga za miguu) ya futiboli juu zile za ketcha ni nguvu kuzipata hapa Bukavu. Hapana wee! Ya futiboli inafunika paka mufupa wa mbele, goti inabakia wazi, na ketcha ye anachuchumaa, mupira ikidunda chini mbele yake inaruka moja kwa moja ku goti ao ku vidole vya muguu. Ya ketcha iko na kikombe ya goti, sahani ya mbele, na kipande inashuka juu ya kiatu. Roger Bresnahan, ketcha wa timu ya bezboli New York Giants, alivaa zake 1907, bakamucheka, lakini njo zilibakia. Pima toka katikati ya goti mpaka kifundo, usinunue kubwa ati utazikomalia, juu ikipita urefu goti inatoka mu kikombe ukichuchumaa. Na ndoano za mikanda zikae upande wa inje, zikikuwa ndani zinashikana ukikimbilia mupira, utaanguka mbele ya batu bote. Ukipata za okazio, vuta kwanza lastiki zote uone kama hazijachoka.