Re: Kumfichua mzee wa kanisa si kuvunja umoja?
Ndugu yangu, umeuliza kama kumfichua mzee wa kanisa aliyekula hela za sadaka si kuvunja umoja. Mi naona aliyeuvunja ni yeye, siku ile alipotia mkono kwenye kapu, nyie mnauona tu ufa ambao ulishakuwepo. Sawa, Mathayo 18 inaanza na kumwendea mtu faragha, ila watu wengi wanaishia hapohapo, wanasahau kuna hatua ya mashahidi wawili watatu halafu ya kuliambia kanisa, na 1 Timotheo 5:20 inataka mzee anayeendelea na dhambi akemewe mbele ya wote. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, tena hadharani, na kanisa halikufa.

Kwetu kuna mama mmoja mhesabu sadaka alisimama na daftari lake, mikono inamtetemeka, akaambiwa kaa chini mama usitugawe. Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja na hakuna aliyemfuata nyumbani, sasa huo umoja ni wa nani?

Na kama aliyeumizwa ni mtoto hapo hakuna cha faragha, polisi kwanza, kikao cha wazee baadaye.