Beji za Comic-Con ya San Diego hazikatwi mlangoni

Mdau umeuliza kama wewe na wenzako wa Mtwara mnaweza kukata beji, yaani tiketi za kuingilia, mlangoni kwenye Comic-Con, lile tamasha kubwa la vitabu vya katuni na filamu kule San Diego, Marekani. Hapana, mlangoni hawauzi. Si kama mechi ya uwanja wa Ilulu hapa Lindi, unafika dirishani unakata. Beji zinauzwa mtandaoni tu, miezi mingi kabla ya tamasha lenyewe la Julai, na siku ya mauzo lazima tayari uwe na Member ID, ile akaunti ya bure kwenye tovuti yao. Utaratibu wote wameuandika humo humo. Ifungue mapema, na hao wenzako wa Mtwara kila mmoja na yake, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Beji haihamishiki kwa mtu mwingine na kitambulisho chenye picha kinaangaliwa.

Mauzo yakiwa saa 3 asubuhi ya kule, huku Lindi ni saa 2 usiku (saa 1 kama wameshasogeza saa zao mbele). Kuwahi kuingia chumba cha kusubiri, ule ukurasa wa foleni mtandaoni, hakukuweki mbele, foleni inachanganywa kwa bahati nasibu muda ukifika. Ndiyo maana wote mjaribu, kila mtu na akaunti yake: atakayepenya anaweza kulipia jumla ya watu 3, yeye akiwemo. Ukishaingia usifunge ukurasa. Na bando liwe la kutosha, jamani.

Ila beji haikuhakikishii kiti Hall H, ule ukumbi mkubwa wa vipindi vya tamasha. Viti ni kama 6,500, ina foleni yake, na watu hawatolewi ukumbini kipindi kimoja kikiisha, kwa hiyo waliowahi asubuhi wanaweza kukalia viti hadi jioni.